Risala Ambayo Wazee wa Numantia Wangemsomea Scipio, Mwaka 133 KK

Mheshimiwa mgeni rasmi, Jemadari wa Roma Publius Cornelius Scipio Aemilianus, mwanamfalme Jugurtha kutoka Numidia, makamanda wote mlioketi hapa: itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kutupokea. Tunajua una shughuli nyingi, maana nyingi tunaziona kutoka ukutani kwetu. Leo sisi ndio tuliokufuata hemani, lakini kilima hiki ni cha Waarevaci, kabila letu hapa Hispania, kwa hiyo mgeni ni wewe. Karibu sana.

Historia yetu ni fupi. Ugomvi na Roma ulianza miaka 20 iliyopita kwa sababu ya ukuta, na ukuta wenyewe haukuwa wetu. Jirani zetu wa Segeda walipanua mji wao, Seneti, baraza kuu la Roma, ikasema mkataba wao na Roma unakataza. Wao wakajibu kwamba mkataba unakataza kujenga miji mipya, si kuongeza ukuta wa mji uliopo. Walipokimbilia kwetu tukawapokea.

Kuhusu mafanikio, mheshimiwa, tunayo. Ili Konsuli Fulvius Nobilior awahi kuja kutupiga, mliusogeza mwanzo wa mwaka wa makonsuli, viongozi wenu wa mwaka mmoja, hadi tarehe 1 Januari, na mnaufuata mpaka leo. Tunaomba kalenda hiyo ihesabiwe kuwa mchango wa Numantia kwa maendeleo ya Roma. Alikuja pia na tembo 10. Mmoja aliangukiwa na jiwe kichwani chini ya ukuta wetu, akawageukia waliomleta, na wenzake wakamfuata. Kamati haijakubaliana nani aliliangusha jiwe, hivyo tumeandika kwamba ni sote.

Sasa changamoto. Mmoja wa wageni rasmi waliokutangulia, Quintus Pompeius, alituahidi amani kwa talanta 30 za fedha, tukaanza kulipa. Siku tuliyoleta salio, mrithi wake alikuwa amefika, na Pompeius akakana kwamba tumewahi kupatana. Mashahidi walikuwa maofisa wake mwenyewe! Tukaambiwa tupeleke shauri Roma. Tukapeleka, vita vikaendelea.

Akaja Konsuli Mancinus. Tulimzingira na watu wake 20,000, tukawaachia wote wakiwa hai kwa sababu shemeji yako, Tiberius Gracchus, alituapia. Kijana yule baadaye alirudi kuulizia madaftari yake ya hesabu. Tukampa, tukamwandalia chakula, tukamwambia achukue chochote apendacho. Alichukua ubani tu. Seneti ikaukataa mkataba, na badala ya amani tukaletewa Mancinus mwenyewe, uchi, mikono imefungwa, akaachwa nje ya lango hadi usiku. Hatukumpokea. Tulichoomba ni amani, mheshimiwa.

Tunayasema haya kwa heshima zote, ili uelewe kwa nini makofi yetu leo ni hafifu.

Hitaji letu kubwa ni njia. Zamani chakula kilitufikia kwa mto Durius, kwa vijahazi na kwa waogeleaji wanaopiga mbizi. Umefunga kamba kutoka mnarani huku na huku, umetandaza magogo yaliyochomekwa visu na ncha za mikuki, na mkondo unayazungusha mchana na usiku. Hakuna anayepita. Tungependa kukukaribisha caelia, pombe yetu ya ngano, lakini ngano haipo. Wanawake wanachemsha ngozi, na watoto wanailamba wakiambiwa ni mchuzi. Waliojaribu kutusaidia kule Lutia, vijana 400, uliwakata mikono. Hilo hatutaliongeza kwenye orodha ya maombi.

Tunaomba basi masharti ya haki ambayo mtu aliye huru anaweza kuyakubali, yathibitishwe na Seneti kabla hatujatoa chochote, siyo baada. Ikishindikana, tunaomba utoke uwanjani tupigane. Una watu 60,000. Sisi vita hii tuliianza na wapiganaji 8,000, na njaa imekwisha kuwapunguza. Hatuoni kwa nini jemadari aliyeiteketeza Carthage atukwepe nyuma ya boma na ngome 7.

Tafadhali usituambie tena tujisalimishe kwanza, sisi, silaha na mji, ndipo mengine yafikiriwe. Jibu la namna hiyo hatuwezi kulipeleka nyumbani. Vijana wanaotungoja langoni wameshaona wajumbe wengi wakirudi na maneno ya Roma, na safari hii wanasema kwamba anayerudi mikono mitupu atakuwa ameuza mji.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Avarus, kwa niaba ya wajumbe wenzake.