Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bahasha Zibaki Nzima

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji,

Nawashukuru kwa kuja, hasa mliosafiri tangu alfajiri. Mambo ya kawaida nitayapitia upesi, kwa kuwa katibu ameyaandika na nakala mnazo mkononi: vikao vyetu vimefanyika isipokuwa kile kilichozuiwa na mvua, wanachama wapya wamepokelewa, na kabati la kumbukumbu hatimaye lina kufuli. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani bahasha kuukuu za makampuni ya kamera.

Mnakumbuka siku mwenzetu alipoleta bahasha iliyopauka, yenye jina la mtumaji kwenye kona ya juu kushoto: Eastman Dry Plate and Film Company, Rochester, New York. Muhuri wa posta ulikuwa umefifia, mwaka hausomeki. Tukaizungusha mezani. Wa kwanza kusema alikuwa mtu wa stempu. Akatuonyesha kuwa ile ni ya senti 2, sura ya George Washington, rangi ya kijani, na kwamba posta ya Marekani ilianza kuitoa kwa kijani mwaka 1887. Kabla ya hapo ilikuwa na wekundu wa udongo. Akadakia mtu wa kamera: jina lile George Eastman alilianza 1884, mwaka 1889 kampuni ikaitwa Eastman Company, na Eastman Kodak Company ni ya 1892. Basi barua ile ilitumwa kati ya 1887 na 1889, au baadaye kidogo, maana karani huimaliza kwanza akiba ya bahasha nzuri hata kama jina limebadilika.

Sasa angalieni ni miaka gani hiyo. Kodak ya kwanza, kamera ya kampuni hiyohiyo, ilitoka 1888. Iliuzwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Zikiisha, mwenyewe aliirudisha kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, kiwanda kikamsafishia picha na kumrudishia kamera yake ikiwa na filamu mpya. Mteja na kiwanda hawakuonana kamwe. Biashara yote ilishikwa na barua, na karatasi ile kuukuu iliyotuachia vumbi mezani inatoka katika ofisi hiyohiyo, siku hizohizo. Mimi sikulala mapema usiku ule.

Stempu ile ya kijani ukiibandua ni ya bei ndogo, ziko tele. Bahasha bila stempu nayo haina tarehe. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wetu kukata kona na kuloweka stempu kwenye maji ya vuguvugu. Nilifundisha vibaya, na bahasha zilizopotea kwa mafunzo yangu hazirudi.

Mwaka huu tumejifunza pia kuisoma nauli ya posta, yaani thamani ya stempu. Barua ya ndani ya Marekani ilishuka kutoka senti 3 hadi senti 2 tarehe 1 Oktoba 1883. Bahasha ya senti 1 isiyofungwa kwa gundi kwa kawaida ilibeba maandishi ya kuchapwa, yaani orodha ya bei au tangazo. Senti 5 ilikuwa ya barua ya ng'ambo. Barua ya rejista, yaani iliyoandikishwa posta kwa usalama, ikiwa na anwani ya mkono na kuelekezwa kiwandani, huenda ilikuwa na pesa ndani. Geuzeni na nyuma, kwa maana posta ya kupokelea nayo iligonga muhuri wake, na hapo utajua barua ilichukua siku ngapi njiani. Kamera zenye uzito mkubwa msizitafute huku. Hadi huduma ya vifurushi ilipoanza Januari 1913, posta ya Marekani haikupokea mzigo wa zaidi ya ratili 4, na vizito vilipita kwa makampuni binafsi ya usafirishaji.

Tulipozipanga bahasha kwa majina, tuliona jambo jingine. Blair Camera Company ya Boston ilinunuliwa na Eastman 1899, Rochester Optical Company 1903, Folmer & Schwing ya New York 1905 na kuhamishiwa Rochester. Anwani zinapungua, mji unabaki mmoja. Mwaka 1915 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Eastman Kodak imehodhi biashara hiyo kinyume cha sheria. Ukizitandaza bahasha mezani unaona jinsi wengine walivyomezwa mmoja baada ya mwingine. Wapinzani walijibu kwa kuungana: Anthony na Scovill, wafanyabiashara wa zamani wa vifaa vya picha, waliungana 1902, na jina Ansco likafuata 1907.

Kwetu Pwani nako kuna kazi. Wapiga picha wa Kigoa, yaani wenye asili ya Goa huko India, kama A. C. Gomes walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na vioo vya kupigia picha, karatasi na dawa za kusafishia vililetwa kwa meli. Barua za kuagiza zilikwenda wapi? Posta ya Unguja ilikuwa chini ya India hadi 1895, kwa hiyo barua ya aina hiyo itakuwa na stempu ya India, na yawezekana leo imelala katika kasha la stempu za India la muuzaji asiyeutazama muhuri. Kwa mwaka ujao naomba kila anayepita kwa wauzaji afungue makasha hayo kwanza.

Nina maombi mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, katiba yetu iseme wazi kwamba bahasha yoyote ya chama isikatwe wala kuloweshwa. La pili, sehemu ya ada inunue mifuko ya kuhifadhia bahasha, ya plastiki isiyo ya aina ya PVC, kwa kuwa ile ya sasa imeanza kunata kwenye karatasi. Mhazini atawasomea hesabu na gharama yake.

Bahasha ya Rochester iko kwenye meza ya mbele. Itazameni pande zote mbili, mikono ikiwa mikavu.