Shukrani kwa binti wa steshenari

Binti yangu wa steshenari ya Kariakoo, jina silitaji kwa kuwa hukutaka, pokea asante yangu mbele za watu.

Nilizidisha muda niliopewa kukaa Marekani kwa zaidi ya mwaka, nikaondoka mwenyewe, nikafungiwa kuingia tena huko miaka 10. Ilipokwisha nikaja kwako kujaza fomu ya viza. Kwenye swali la kuzidisha muda, watu walishanishauri nijibu "hapana". Ukaacha kuchapa. "Mzee wangu, hapo ukidanganya unaweza kufungiwa maisha." Ukaniagiza pasipoti ya zamani.

Wamarekani hawagongi muhuri mtu akitoka. Ushahidi wangu wa lini niliondoka ulikuwa muhuri wa kurudi nyumbani, uwanja wa Julius Nyerere, wino umefifia mno. Ukaumulika kwa tochi ya simu, ukauskani mara nne hadi tarehe ikasomeka. Kisha tukaandika maelezo ya kweli, mistari sita tu. Ukachukua hela ya karatasi, basi.

Ninyi mnaojazia watu fomu, tafadhali, ulizieni pasipoti ya zamani kwanza.

Binti yangu, viza ilitoka. Mjukuu wangu nimempakata, ana miaka mitatu, ananiita Babu.