Mnada madhabahuni, watoto nje juani

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa ishirini na kitu sasa, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Naandika leo kwa sababu ya ile habari yenu ya Krismasi ya hapa Tororo, Uganda, mliposema kanisa lilifurika na waumini wakashangilia mgeni rasmi. Picha mliyoitoa inamwonyesha ameinua jogoo juu, ameipa madhabahu mgongo. Mwandishi wenu aliondoka pamoja na mgeni huyo. Nilimwona akipanda gari lake. Angekawia kidogo tu akazunguka mlango wa upande, habari yenu ingekuwa nyingine.

Kwenye mlango wa upande walikuwa wamesimama watoto ishirini na watatu wa shule ya Jumapili, wamevaa kwa ajili ya igizo la kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Mazoezi waliyaanza Oktoba, kila Jumamosi baada ya kufua. Mjukuu wangu ana miaka saba, naye ndiye alikuwa malaika anayewapa wachungaji wa kondoo habari hiyo. Mabawa nilimkatia mwenyewe kwa karatasi ya manila, nikabandika pamba kwa uji mzito wa muhogo, nikayaanika juu ya kabati siku mbili. Neno lake la kwanza lilikuwa "Msiogope." Kwa wiki nane nimelisikia neno hilo jikoni, chooni, njiani kwenda kisimani. Aliwaambia hata kuku.

Ibada ilianza saa tatu. Saa nne na dakika kumi mahubiri yalikuwa yamekwisha, mafupi kuliko ya Jumapili yoyote, na ratiba iliyobandikwa mlangoni ilisema kinachofuata ni igizo. Mwalimu wao akawatoa nje kujipanga. Nami nikatoka kumfunga mjukuu wangu mabawa, ndiyo maana yote yaliyofuata niliyasikia kwenye spika ya nje, nimesimama juani na watoto. Kwanza mgeni rasmi, ambaye ni mgombea, akakaribishwa kusalimia. Akasalimia dakika arobaini. Akataja barabara, akataja mbegu, akataja tarehe 15 Januari na mahali pa kuweka alama kwenye karatasi ya kura. Akamwita mgombea mwenzake, wa udiwani, naye akasalimia. Kisha ukaanza mnada wa mavuno, wa vitu waumini walivyoleta kuchangia kanisa. Fenesi moja liliuzwa mara nne: anayelinunua analirudisha, linauzwa tena, na kila mara mnadi anataja jina la mnunuzi na watu wanapiga makofi. Jogoo mnayemwona kwenye picha alifika shilingi laki tatu, akarudishwa, akapanda tena. Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alikuwa ameleta boga, amelibeba kichwani kutoka shambani kwake. Boga lile liliuzwa mwisho, kwa shilingi elfu mbili, na hakuna aliyepiga kofi. Wakati wote huo Yosefu alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, wachungaji wawili wa igizo wanalia kiu, na uji wangu wa muhogo ulikuwa umekauka kupita kiasi, pamba inadondoka vipande vipande kwenye vumbi na mtoto anaiokota na kuijaza mfukoni. Ilipofika saa saba kasoro robo, mzee wa kanisa alikuja mlangoni akamwambia mwalimu kwamba muda umekwisha, watoto waingie waimbe beti moja kisha baraka ya mwisho. Beti moja! Waliingia, wakaimba beti moja, wakatoka. Malaika hakufungua kinywa. Usiku, wakati namvua shati, aliniuliza mimi bibi yake: "Jaja, kama sikuwaambia, wachungaji walijuaje?"

Sina ugomvi na mavuno. Nimenunua trei za mayai kwenye minada ya kanisa tangu nikiwa msichana, na bati zilizo juu ya vichwa vyetu zimetokana na minada hiyo. Mavuno yaliwekwa ili asiye na noti alete alichonacho shambani na kihesabiwe sawa na cha mwenye noti. Mama yule na boga lake ndiye mwenye mavuno. Najua pia kwa nini yanasukumwa yafanyike siku ya Krismasi: watoto wetu wanaofanya kazi Kampala na Jinja wanarudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na wanarudi na fedha. Lakini wanafika wamekwisha kamuliwa. Nauli ya basi wiki hiyo inapanda karibu mara mbili, wana mchango wa ng'ombe wa kikundi cha nyama, wana karo inayowangoja Februari. Kisha wanafungiwa kanisani saa tatu nzima wakitajwa majina. Mwanangu mwenyewe ameniambia mwaka ujao atakuja tarehe 26.

Na hawa wagombea. Kura ya mwaka 2021 ilipigwa tarehe 14 Januari. Hii ya mwaka 2026 ni tarehe 15 Januari. Maana yake, kampeni inapamba moto wakati uleule wa Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, na kila mgombea anajua siku ambayo makanisa yanajaa. Viongozi wetu wa kanisa nao wanajua. Hawawezi kusema walishtukizwa.

Niseme na la ibada ya Kiswahili, maana limenikaa moyoni. Miaka mitatu sasa, siku ya Krismasi ibada yetu ya saa moja asubuhi inafutwa na kuunganishwa na ya Kiingereza, tunaambiwa ni kwa heshima ya wageni. Hapa mjini kuna Mjapadhola, Mteso, Msamia, Mnyole, Mgishu na wenzetu wanaovuka mpaka wa Kenya kutoka upande wa Malaba. Kinachotuweka benchi moja ni Kiswahili. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena. Wamisionari wa kwanza wa Anglikana walipofika kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, walizungumza naye kwa Kiswahili, na Biblia nzima ya Kiluganda haikukamilika hadi mwaka 1896. Sasa mama asiyejua Kiingereza anakaa kanisani siku ya Krismasi kama mtu aliye kituo cha polisi, anasubiri kuona wenzake wanasimama ili naye asimame.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1977. Februari ya mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa, na Septemba serikali ya Amin ikapiga marufuku vikundi vya kidini 27. Krismasi hiyo jirani zetu Wapentekoste, ambao kanisa lao lilikuwa limefungwa, walikuja kuketi nasi. Sukari haikupatikana, chumvi ilikuwa ya kuviziwa. Hapakuwa na mgeni rasmi. Watoto tuliigiza kwa mashuka ya nyumbani, mimi nikiwa kondoo, na wakubwa walituangalia hadi mwisho bila mtu kutazama saa.

Ninachotaka ni hiki. Mnada ufanyike nje, chini ya mwembe, baada ya baraka ya mwisho, na mbuzi wa kunadiwa afungwe huko tangu asubuhi. Boga liuzwe la kwanza. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi tarehe 6 Januari, kipaza sauti kisishikwe na mgombea yeyote, awe wa ubunge au wa LC, yaani mabaraza yetu ya serikali za mitaa, na viti vile vya sofa vinavyowekwa kando ya madhabahu virudishwe vilikokodiwa. Mgombea akae benchi na sisi. Ibada ya saa moja irudi. Na Jumapili hii ya tarehe 4 Januari, watoto wapewe igizo lao lote, mara tu baada ya somo la Injili, kabla mtu mzima yeyote hajasalimia.

Mtume yule mwandishi wako. Aje saa tatu, asimame mlango wa upande. Pamba nimekwisha kuishona upya, safari hii kwa uzi.

Mwanakwaya wa zamani,
Tororo