Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: waya wa shaba usikatwe kabla simu mpya haijajaribiwa gizani

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Masharti ya kuhamishia simu za mezani kwenye intaneti

Sisi ni mafundi wa simu za majumbani. Hatupingi kuondolewa kwa waya wa shaba. Mitambo yake imechakaa, vipuri ni vya kutafuta kwa tochi, na simu ya intaneti ikifungwa vizuri ina sauti safi kuliko ile ya zamani. Tunaomba sharti moja kuu liingizwe kwenye kanuni: laini ya zamani isikatwe katika nyumba yoyote mpaka simu mpya ijaribiwe humo humo, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu.

Sababu yenyewe iko kwenye waya. Simu ya zamani haili umeme wa nyumba. Kituo cha simu huisukumia volti 48 kutoka kwenye betri zake, na kengele inapolia huongeza volti zinazokaribia 90. Mtaa mzima ukiwa gizani, bado ukiinua mkono wa simu unasikia mlio. Siku waya unapokatwa, kazi hiyo ya betri inahama kutoka kituoni na kumwangukia mwenye nyumba, na mara nyingi hakuna anayemwambia. Sasa anahitaji vifaa vitatu viwe na umeme kwa wakati mmoja: kisanduku cha faiba, ruta, na adapta inayounganisha simu na intaneti. Kimoja kikizimika, hana simu.

Tunaomba ofisi yako iipige hesabu hii kabla ya kusaini chochote. Vifaa hivyo vitatu kwa pamoja hula kama wati 20, kwa hiyo saa 8 zinataka wati-saa 160. UPS ndogo za dukani, yaani visanduku vya betri ya akiba, mara nyingi zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa maandishi ya kwenye kibandiko. UPS hiyo huugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kisha chaja za vifaa huurudisha chini tena, na kila mgeuzo una upotevu wake. Kinachobaki ni saa mbili na nusu au tatu, tena betri ikiwa mpya. Afadhali UPS ya kutoa volti 12 moja kwa moja bila mgeuzo wa katikati, mradi fundi asome kibandiko cha kila kifaa: adapta nyingi hutumia volti 5, na ukiichomekea 12 unaiunguza papo hapo.

Nchini Uingereza, mdhibiti Ofcom anadai walau saa moja ya kuweza kupiga simu za dharura kwa mteja anayetegemea simu ya nyumbani. Marekani ilizitaka kampuni zimpe mteja nafasi ya kununua betri ya saa 8, na baadaye ya saa 24. Kwa maoni yetu saa moja ni kidogo mno. Weka 8, na gharama isiwe ya mgonjwa wala mzee. Masharti hayo yafike pia kwenye makabati ya mitambo ya mtandao yaliyo barabarani, maana betri ya nyumbani haisaidii kitu kama kabati la mtaa limezimika.

Ukutani nako kuna kosa linalounguza vifaa. Mteja hutaka soketi zote za nyumba ziendelee kufanya kazi, na inawezekana: tundu la simu la adapta huchomekwa kwenye soketi yoyote, nyaya za ndani zikapata laini kutokea hapo. Ila kama nyaya mbili za kutoka barabarani bado zimeshikana na za ndani, volti za kituo zinakutana na adapta na kuiua. Kwanza fungua kisanduku ambamo laini inaingilia, chomoa nyaya zote mbili, funga ncha zake kwa utepe, kisha pima kwenye soketi. Mita ikisoma sifuri ndipo uchomeke. Simu za kengele zisizidi tatu hadi tano kwa adapta moja, la sivyo zitaita kwa unyonge au zisiite kabisa. Simu ya kuzungusha namba ijaribiwe kwanza, kwani adapta nyingi haziielewi.

Kuhusu sauti, wananchi huambiwa wanunue kasi kubwa, na hilo mara nyingi si tatizo. Mazungumzo ya ubora wa simu ya kawaida hukatwa kuwa vipande vidogo vya data, yaani pakiti, 50 kila sekunde na hula kilobiti 90 hivi kwa sekunde kila upande. Sauti hukatika pale mtu mwingine ndani ya nyumba anapopakia video na pakiti za simu zikakaa foleni nyuma yake. Dawa ni kuipa simu kipaumbele kwenye ruta na kuifunga adapta kwa waya badala ya Wi-Fi. Mmoja akisikia na mwenzake hasikii, zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachochezea pakiti za simu, kabla ya kulaumu kitu kingine.

Linalotuumiza zaidi ni vitufe vya dharura vya wazee, ving'ora vya wezi na simu za ndani ya lifti. Vifaa hivi huongea na kituo chao kwa milio, na sauti ikibanwa ili kuokoa data, milio huharibika: kifaa kinapiga, kinapokelewa, lakini ujumbe haufiki. Uingereza ilibidi isimamishe uhamishaji wa lazima Desemba 2023 kwa ajili ya vitufe hivi, na tarehe ya kuzima mtandao wa zamani ikasogezwa kutoka mwisho wa 2025 hadi Januari 2027.

Tena, waya wa shaba ulikuwa na anwani moja tu. Adapta hubebwa kwenye begi. Mtu akihama nayo bila kubadilisha anwani, gari la wagonjwa litaenda kwenye nyumba ya zamani. Mtoa huduma alazimike kuthibitisha anwani siku ya kufunga, na kila adapta inapojitokeza kwenye mtandao mwingine. Na mteja aelezwe asifute laini yake kabla namba haijahamishwa, maana namba iliyofutwa anaweza asiipate tena.

Jaribio lenyewe halizidi nusu saa. Fundi azime swichi kuu na kusubiri dakika kumi. Apige nje, apigiwe, kisha apige namba ya dharura kwa utaratibu uliokubaliwa na kituo. Kitufe cha mzee kibonyezwe mpaka mpokeaji aseme ameona jina na anwani. Halafu umeme urudishwe na fundi asiguse kitu. Adapta huwaka haraka kuliko ruta, na nyingine hushindwa kujisajili, zikabaki kimya hadi mtu azizime na kuziwasha upya. Ikibaki kimya, laini ya zamani isikatwe siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mafundi wa simu na mitandao ya majumbani