Msichana anayetaka kuripoti vita asikatwe maneno

Mhariri,

Binti wa dada yangu, hapa Ngamiani, Tanga, kila jioni huketi barazani na redio yangu, kaunta buku mapajani, akinakili habari za ng'ambo: nani kasema nini, wapi, lini. Anataka kuwa mwandishi wa habari za nje. Wakubwa wa mtaa humwambia hiyo ni kazi ya wanaume, naye hufunika daftari. Inaniuma sana.

Nawaomba wamjue Clare Hollingworth, Mwingereza aliyezaliwa 1911. Agosti 1939, hata wiki hajamaliza katika gazeti la Daily Telegraph, aliazima gari la konseli wa Uingereza mjini Katowice, Poland, akavuka mpaka kuingia Ujerumani. Wakati wa kurudi, upepo ukainua magunia yaliyotundikwa kando ya barabara kama pazia. Bondeni, mamia ya vifaru! Siku chache tu baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Upepo ulimsaidia, ndiyo, lakini ni yeye aliyethubutu kwenda.

Huko Afrika Kaskazini, Jenerali Montgomery wa Uingereza alipokataa waandishi wanawake kwenye jeshi lake, Clare akaenda kwa Wamarekani Algeria. Baadaye aliripoti Vietnam, kisha Beijing. Alifariki Hong Kong mwaka 2017, ana miaka 105.

Mhariri, mnapotafuta vijana wa kujifunza kazi, njooni na Tanga. Huyu wangu yuko tayari, na daftari lake la tatu linakaribia kujaa.

Mama mdogo,
Ngamiani, Tanga