Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kitalu, Miangati na Ile Miche Iliyochomwa

Ndugu wanachama, wazee wetu, mtendaji wa kijiji na wageni waalikwa,

Nawashukuru mliofika. Nasema "mliofika" kwa makusudi, maana nimehesabu kabla ya kusimama: tuko 34. Daftari lina majina 118. Mkutano ulikuwa wa saa tatu, tumeanza saa tano na robo, na waliochelewa kuliko wote ndio wanaokaa jirani na hapa. Mwaka jana mlisema siku ya soko ndiyo iliyotuangusha, tukahamisha. Leo si siku ya soko.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulipanda miche 6,300 kwenye vyanzo viwili vya maji na kuzunguka shule, iliyoshika ni kama 4,000. Mizinga 22 ilikaguliwa, asali lita 61 ikauzwa. Ziara ya mafunzo ilifanyika na posho zikalipwa. Mengine anayo katibu.

Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani elfu moja kwa mwezi. Waliolipa yote ni 41, waliolipa nusu 19, makusanyo 606,000. Wengine 58 wameahidi. Madeni ya mwaka huu peke yake ni 810,000, na ukijumlisha ya nyuma tunapita milioni mbili. Ahadi hazinunui viriba, ndugu zangu. Na nimeona kwamba wasiolipa ndio wanaouliza kwa sauti kubwa pesa za chama zimekwenda wapi.

Sasa niingie kwenye lililowaleta nusu yenu: ile miche ya kitalu chetu iliyoingiwa na wadudu, nikaichoma yote bila kuitisha mkutano.

Miche 3,800 ya saipresi ilinunuliwa mwezi wa nne kutoka kitalu kimoja cha nje ya wilaya, nisingependa kukitaja. Ilikuwa bei rahisi, shilingi 150 kila mmoja. Kikao kilichopitisha manunuzi hayo sikuwepo, nilikuwa naumwa, na muhtasari unaonyesha hivyo. Ilishushwa jioni, ikapangwa pembeni ya miche yetu 260 ya mwangati, ule mti wa asili wa msitu wetu. Wiki ya tatu mtunza kitalu akanipigia simu: "Mwenyekiti, miche inanata, na sisimizi wamejaa."

Nilikwenda na pikipiki yangu, kwa mafuta yangu. Nilipopitisha vidole kwenye tawi vikanata kama nimeshika asali. Ncha za matawi zilikuwa bado kijani, ila kwa ndani, karibu na shina, zimeshakuwa rangi ya kutu, na chini yake masizi meusi ambayo ni ukungu unaoota juu ya ule unato wenye sukari wanaouacha wadudu. Nikalikung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe: wadudu wakaanguka kama ufuta, kisha ufuta ukaanza kutembea. Huku kwetu tunasema mti "una ugonjwa wa kukauka". Mtaalamu wa misitu aliyekuja kesho yake aliwatambua kwa jina: vidukari wa saipresi. Wanafyonza utomvu, na mate yao yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi hukauka hata pale wanapoonekana wachache.

Wapo waliosema hilo ni tatizo la saipresi, mwangati unahusikaje? Saipresi tunayopanda asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Mdudu asili yake ni upande wa mashariki ya Bahari ya Mediterania. Mwangati ni wa hapa, ila ni wa ukoo mmoja na saipresi, na mdudu hachagui. Alionekana Malawi mwaka 1986, Kenya mwaka 1990, na kote huko hakuishia kwenye mashamba ya saipresi. Kenya aliingia kwenye mwangati, Malawi akaingia kwenye mwerezi wa Mlima Mulanje, ambao ndio mti wa taifa lao. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Wageni wawili wamekutana nyumbani kwetu, na anayelipa ni mwenye nyumba.

Na mwenyeji mwenyewe ameshapunjwa vya kutosha. Wazee wa Shume, huko milima ya Usambara, walisimuliwa jinsi Wajerumani walivyokata miangati na kuishusha kwa waya mpaka reli ya Mkumbara. Nguzo ya mwangati mchwa hauli. Kwa babu yangu ipo moja ambayo nyumba yake imeshaanguka mara mbili na yenyewe bado imesimama. Ukipanda leo, atakayepata nguzo ni mjukuu.

Wengine wanasema sabuni ingetosha. Jike la kidukari huzaa bila dume. Ukiosha miche 3,800 ukamwacha mmoja, umeanza upya. Dawa ya kufyonzwa na mche ipo, na kwa ua wa miti unaozunguka nyumba inafaa, lakini nani atapulizia mwangati wa mita 30 uliopo msituni? Malawi na Kenya miaka ya 1990 waliletewa nyigu mdogo kutoka Ulaya anayetaga ndani ya kidukari, na alisaidia. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti, si ya kikundi chenye 606,000.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni hii: wadudu hawa wako nchini tangu miaka ya 1980, na tulipokagua miangati 52 ya pembezoni mwa msitu, mitatu tayari ilikuwa nao. Kwa hiyo nilichoma bure? Ndugu zangu, mwizi kuonekana mtaani si sababu ya kumtandikia kitanda. Miche ile ingekwenda kwenye nyumba 90, kila moja na ua wake, na nyua zote zinapakana na msitu.

Kuhusu kutoitisha mkutano: Ibara ya 14 ya katiba ya chama inaruhusu uamuzi wa dharura kwa ridhaa ya wajumbe wawili. Mhazini nilimpigia mara tatu. Katibu alikuwa msibani Tanga. Mjumbe mmoja alikubali, wa pili alisema "fanya unavyoona". Mimi nilihesabu hiyo kuwa ridhaa. Kikao cha kamati cha wiki iliyotangulia walikuja watatu kati ya tisa. Sasa ningeitisha mkutano wa nani?

Kuhusu pesa: ile milioni moja na laki tisa inayotajwa vijiweni ni mauzo tuliyoyatarajia, kwa shilingi 500 kila mche. Hasara halisi ni 570,000. Nililala kitaluni usiku mbili kuhakikisha moto hauvuki, na sijadai hata posho.

Linabaki la ile miche 260 ya mwangati. Mbegu zake alizikusanya mzee wetu mmoja, akazikausha, akazisubiri ziote, akaitunza miaka miwili. Alitaka tuitenge, tuioshe mmoja mmoja. Nilikataa kwa sababu nilikwishaona vidukari kwenye baadhi yake na sikuwa na mahali pa kuitenga. Tangu siku ile salamu yangu haitikii. Labda mingine ingepona. Hilo siwezi kulithibitisha kwa majivu, na yeye pia hawezi. Ila msiseme niliichoma kwa furaha.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kupata kona ya karantini, mbali na kitalu, ambapo miche yoyote ya nje itakaa kwanza kabla ya kuchanganywa. Kuna mfadhili tumezungumza naye, mazungumzo yanaendelea vizuri. Pia tunafikiria kukusanya tena mbegu za mwangati, endapo mwenye ujuzi huo atakubali kutusaidia. Ukaguzi wa ile miangati 52 utaendelea kila mwezi. Zamu zimebandikwa mlangoni, na mpaka asubuhi hii jina lililoandikwa ni langu.

Daftari la mahudhurio linazunguka. Tafadhali, sahihi moja kwa mtu mmoja. Mwaka jana tulikuwa 30 ukumbini na 47 kwenye karatasi. Namkaribisha mhazini.