Umeuliza ukoo wa mama yake?

Mwanangu,

Mama yako kaniambia jana kuna kijana huko Bengaluru na unasema ni mtu wa kwetu. Nimefurahi, ila wa kwetu wapi? Mama yake ni wa ukoo gani? Akikujibu "sote ni wana wa vibanda saba" hajajibu kitu, maana vibanda saba, yaani zile familia saba zilizoshuka toka mbinguni kwa ngazi ya dhahabu pale mlima Sohpetbneng ni za Wakhasi wote, sisi Wapnar, Wabhoi, Wawar, wote.

Mimi nataka tumbo alilotoka, maana ukoo wetu unafuata mama. Hapa Jowai, Meghalaya, tunahesabu matumbo manne, Bon, Tein, Wet na Doh, mama wanne ndio chimbuko, na koo zimezaana zikapata majina mengi, unakuta mtu jina lake hulijui kabisa kumbe mmetoka tumbo moja. Kuoana hapo ni sang, hakuna mwiko mkubwa kuliko huo. Usiangalie jina la kwenye simu tu, muulize bibi mzaa mama yake katokea wapi. Na uwaulize wajomba zako, wao ndio ukoo wako, mimi baba yako wa ukoo mwingine.

Umesoma, unajitegemea, nikipita sokoni Iawmusiang watu wananiuliza habari zako najisikia raha sana. Lakini binti kitindamimba ni wewe, nyumba ya mama yako ni yako, mambo ya ukoo yatakuangukia wewe, na miezi mitatu hujapiga simu kwa mjomba hata mara moja!

Haya ulitakiwa uyajue toka mdogo. Zamani mume alikuwa anakuja kwa mkewe usiku, alfajiri anarudi kwa mama yake, na mimi niliishika mila hiyo wakati wenzangu wameshahamia kwa wake zao. Nilikuwa nafika umeshalala, nakufunika blanketi, basi.

Bati la jikoni lilitoboka, nimepanda mwenyewe nikaziba. Mama yako goti bado. Nimekuwekea manjano ya Lakadong kilo 2, mfuko nimefunga mara mbili maana yale ya mwaka jana yalimwagika kwenye nguo zako ukanuna.

Sikukuu yetu ya Behdienkhlam ni Julai, omba likizo mapema, uje naye kama ni mtu mwema. Ila kabla hamjakata tiketi nipigie uniambie ukoo wa mama yake, hata kama ni usiku wa manane nitapokea.

Baba yako